Mume wangu anasubiri hukumu, nami naogopa siku atakayorudi nyumbani

Shikamoo shangazi,

Nimesoma safu yako kwa muda mrefu bila kudhani kwamba siku moja nitakuandikia. Tafadhali usitaje jina langu wala kaunti yangu, maana hapa kwetu watu wanajuana.

Niko kwenye ndoa mwaka wa kumi na mmoja sasa. Tuna msichana wa miaka tisa na mvulana wa miaka mitano. Mimi ni fundi cherehani sokoni, mume wangu anaendesha lori la mchanga. Tunaishi kwenye boma la wakwe zangu. Mlango wangu unatazamana na wa mama mkwe, na nyumba ya shemeji iko nyuma karibu na zizi.

Mume wangu alianza kunipiga nikiwa na mimba ya huyu msichana. Si kila siku, na ndiyo maana nilivumilia. Mwaka jana alirudi amelewa akanipiga kwa mshipi, bizimu likanipasua juu ya jicho. Msichana wangu alikimbia akaita jirani, jirani akanipeleka hospitalini, nikashonwa. Daktari akajaza fomu ya P3, ile ya polisi ya kueleza majeraha, na polisi wakamkamata mume wangu. Mahakamani alikana mwanzoni, kesi ikaendelea, kisha siku moja akakiri.

Alipopewa dhamana, hakimu alimwonya asinikaribie wala asinipigie simu. Tangu hapo amekuwa akikaa kwa kakake mjini. Sitakuficha, shangazi, hii imekuwa miezi mizuri. Kijana wangu ameacha kukojoa kitandani. Mimi nikishona usiku naacha redio ikicheza. Zamani nilikuwa naizima mapema ili nisikie hatua zake njiani, nijue anarudi akiwa katika hali gani.

Sasa kesi imefika mwisho na imebaki hukumu tu. Hakimu ameagiza ripoti ya afisa wa probesheni, na huyo afisa amenipigia akasema atakuja nyumbani kusikia maoni yangu. Kiongozi wa mashtaka naye aliniuliza kama nina la kusema mbele ya hakimu, akataja kwamba naweza kuomba amri ya ulinzi. Sikuelewa vizuri. Tulikuwa tumesimama kwenye korido, watu wamejaa, nikaona haya kuuliza.

Wazee wa ukoo wameshakutana. Wameniletea barua iliyochapishwa, nitie sahihi kwamba nimemsamehe mume wangu na ninaomba aachiliwe. Mama mkwe, ambaye hajawahi kunitendea ubaya na ndiye hunilelea watoto nikienda sokoni, alikuja akalia kwangu. Alisema mwanamke hajengi nyumba kwa polisi. Dada yangu aliye Nairobi anasema nikitia sahihi nisimpigie simu tena, niende nimwombe hakimu amfunge miaka yote anayoweza. Mchungaji anasema nisamehe.

Mimi mwenyewe sijui. Yeye ndiye hulipa karo. Akifungwa, watoto watakua wakijua mama yao ndiye aliyemfunga baba. Akipewa kifungo cha nje, jioni hiyo hiyo atakuwa mlangoni. Na hiyo amri ya ulinzi naiona kama talaka. Nitamzuiaje mtu asikanyage boma la baba yake, mahali kitovu chake kilipozikwa? Shemeji anasema ameacha pombe. Je, nitie sahihi? Niombe hiyo amri? Na nikinyamaza, hakimu ataona kwamba sikuumia?

Mama wa wawili

---

Marahaba mwanangu, na pole. Pole ya jeraha, na pole zaidi ya kuwekwa katikati ya watu wote hao, kila mmoja akikuvuta upande wake na wewe bado una nguo za wateja za kumaliza.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na naona una mambo mawili uliyoyafunga fundo moja. La kwanza ni adhabu: huyu mume wako astahili nini kwa alichokutendea. La pili ni usalama: wewe na watoto mtalala vipi baada ya siku ya hukumu. Dada yako, wazee, mama mkwe na mchungaji wote wanabishana juu ya lile la kwanza. Hilo ni la hakimu kuamua. La pili hakuna aliyekuuliza, isipokuwa huyo kiongozi wa mashtaka pale kwenye korido, na kwa bahati mbaya hamkupata nafasi ya kuongea.

Niruhusu nianze na hiyo miezi mizuri. Unaieleza kana kwamba imekuja yenyewe, lakini ilikuwa na sababu. Hakimu aliweka sharti la dhamana, na mume wako alijua akilivunja atarudi rumande. Sharti hilo linaishi pamoja na kesi. Siku hukumu inaposomwa dhamana inakwisha, na onyo la kutokukaribia linakwisha nalo, iwe amefungwa, ametozwa faini au ameachiliwa kwa masharti. Wanawake wengi hawaambiwi jambo hili. Wanatoka mahakamani wakiamini kwamba lile neno la hakimu bado linawalinda, kumbe lilibaki kwenye faili iliyofungwa.

Kwa hiyo tazama kila hukumu kwa jicho la usalama wako, uone inakupa nini.

Kwa maelezo yako, nadhani alishtakiwa kwa kukujeruhi na kukusababishia madhara ya mwili, kosa ambalo kwa Kanuni ya Adhabu ya Kenya adhabu yake ya juu kabisa ni miaka mitano gerezani. Hicho ni kiwango cha juu. Aliyekiri kosa mara nyingi hupata pungufu ya hapo. Tena sheria ya magereza humpunguzia mfungwa theluthi moja ya muda akiwa na mwenendo mzuri, kwa hiyo kifungo cha miaka mitatu huwa miaka miwili. Dada yako ana hasira kwa sababu anakupenda, na hasira yake naielewa. Lakini hata akipata anachokitaka, mtu huyu atatoka gerezani binti yako akiwa bado shuleni. Je, siku hiyo atakuta nini kimebadilika?

Kifungo cha nje nacho usikione kama mlango ulioachwa wazi. Agizo la probesheni, yaani kukaa nje chini ya uangalizi wa afisa, huchukua kati ya miezi sita na miaka mitatu, na mahakama inaweza kuliwekea masharti: akae wapi, ahudhurie ushauri nasaha, aache pombe. Akivunja masharti anaweza kurudishwa mahakamani ahukumiwe kwa kosa lile lile la kwanza. Sasa basi, masharti hayo hutoka wapi? Kwa sehemu kubwa hutoka kwenye ripoti ya huyo afisa anayekuja kwako. Usipomwambia kwamba unaogopa mume wako akirudi kulala hapo bomani, ataandika kwamba familia iko tayari kumpokea, kwa sababu hilo ndilo wenzako bomani watakalomwambia.

Ndiyo maana nakuomba ufikirie mtakaa wapi mkizungumza naye. Mlango wako unatazamana na wa mama mkwe. Ukiulizwa swali hilo huku mama wa watu anapepeta mahindi hatua chache kutoka hapo, utajibu nini? Una haki ya kumpigia afisa simu na kumwomba mkutane ofisini kwake, au kwenye kibanda chako sokoni, au popote usiposikika. Maafisa hawa wameliona jambo hili mara nyingi, hatashangaa.

Sasa nije kwenye amri ya ulinzi, maana hapo ndipo nahisi uliogopeshwa na jina tu. Kenya ina sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watu dhidi ya dhuluma za kinyumbani. Chini ya sheria hiyo unaweza kwenda mahakamani, kando ya kesi ya jinai, ukaomba mtu aliyekudhulumu azuiwe kufanya mambo fulani. Mahakama inaweza kumkataza asikupige wala kukutisha, asikufuate kazini, asikupigie simu, asiingie mnamoishi. Kukiwa na hatari ya haraka inaweza kutoa amri ya muda kabla hata ya kumsikiliza yeye, kisha akaitwa ajitetee. Anayeivunja ametenda kosa jipya, na anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000 au kifungo cha hadi miezi 12, au vyote viwili.

Si talaka hiyo, mwanangu. Ndoa inabaki ndoa. Wala si adhabu ya ziada juu ya kichwa chake, kwa sababu asipoivunja haimgharimu kifungo wala faini. Kuna wanawake walioomba amri hii wakaendelea kuwa wake za watu, na wapo walioiomba kama hatua ya kwanza ya kuondoka. Wewe huhitaji kujua leo uko kundi gani.

Na si lazima iwe ya kumfukuza kwao. Hapa naona umejibu swali kabla ya kuliuliza. Kweli mahakama ina uwezo wa kumtoa mtu kwenye nyumba mnayoishi pamoja hata kama nyumba ni yake, lakini huo ni mwisho mmoja wa kamba. Unaweza kuomba pungufu: kwamba asije amelewa, asiingie nyumba yako bila ridhaa yako, aonane na watoto mchana kwa mama yake, mawasiliano ya karo yapitie kwa shemeji. Boma ni kubwa, nyumba yako ni moja. Mwanasheria atakusaidia kuliandika ombi likaendana na boma lenu lilivyo.

Lakini sitakupamba picha. Karatasi haishiki mkono wa mtu. Wanaofanya kazi na waathiriwa wanajua kwamba wakati mke anapochukua hatua ya kujitenga, au mume anapohisi ameanza kuponyoka mikononi mwake, hatari huweza kupanda kabla ya kushuka. Wewe uko kwenye boma la watu wa mume wako, kituo cha polisi sijui kiko mbali kiasi gani, na pikipiki usiku hazipatikani kirahisi. Ukiipata amri, nakala moja ipeleke kituoni uhakikishe imeingizwa kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, nyingine kwa chifu, nyingine kwa mwalimu mkuu. Yule jirani aliyekupeleka hospitalini ajue la kufanya akiitwa tena. Vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na pesa kidogo viwe mahali ambapo mkono wako unafika gizani.

Hatari nyingine ni ya moyo zaidi. Ukiomba amri, mama mkwe anaweza kubadilika. Huyo ndiye anayekulelea watoto, na nyinyi wawili mnapendana, hilo limeonekana kwenye barua yako. Sitaki kulipuuza. Ajabu ni kwamba sheria yenyewe ilishawaona wakwe: kuingiliwa na wakwe kumetajwa ndani yake kama namna mojawapo ya dhuluma. Sikutumi kamwe kumshtaki mama wa watu! Nalisema ili ujue kwamba waliotunga sheria walielewa ndoa zetu zinaishi wapi. Labda ipo namna ya kukaa na mama mkwe peke yenu, bila wazee, umuulize usiku ule wa mshipi alisikia nini. Mlango wake unatazamana na wako. Huenda naye amebeba jambo miaka yote hii.

Barua ya wazee je? Kesi ya jinai ni ya Serikali dhidi ya mume wako, wewe ni mwathiriwa na shahidi. Kwa kuwa ameshakiri, sahihi yako haiifuti kesi. Itapelekwa kwa hakimu kama sababu ya kumpunguzia adhabu, na hakimu ataipa uzito anaoona unafaa. Kusamehe si dhambi, na kama umemsamehe kweli una haki ya kusema hivyo. Ninachokuuliza ni kama maneno yaliyomo ni yako. Yamesema chochote kuhusu hofu yako? Yamesema atakaa wapi? Ukiweka sahihi chini ya karatasi inayosema mambo yamekwisha, kisha wiki ya pili ukaenda kuomba amri ya ulinzi, wakili wake ataitoa karatasi hiyo mfukoni akusomee.

Unaweza kuandika ya kwako. Sheria ya Kulinda Waathiriwa ya mwaka 2014 na sheria ya mwenendo wa kesi za jinai zinampa mwathiriwa nafasi ya kueleza, kabla ya hukumu, kosa lilivyomwathiri. Hulazimiki, na ukinyamaza mahakama hairuhusiwi kuchukulia kwamba uliumia kidogo. Kwa hilo tu weka moyo chini. Ila ukiamua kusema, si lazima uombe kifungo wala uombe huruma. Mwambie hakimu habari ya kijana wako na kitanda. Mwambie habari ya redio. Unaweza kusema sitaki akae gerezani miaka mingi, na katika sentensi inayofuata ukasema namwogopa. Hakimu ameshasikia watu wakisema yote mawili, nayo ni kweli kwa wakati mmoja.

Kuhusu karo, hofu yako ina msingi na sitakuambia Mungu atajua. Akifungwa, mshahara wa lori umekwisha. Akiwa nje, wajibu wake kwa watoto haufutwi na amri ya ulinzi. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inawabebesha wazazi wote wawili jukumu la malezi, na unaweza kuomba agizo la matunzo, ukianzia kwa afisa wa watoto. Kwa hiyo usilipe karo kwa mwili wako kwa kudhani hakuna njia nyingine. Piga pia hesabu ya cherehani: peke yake inalisha nini, na inashindwa wapi. Hesabu hiyo itakusaidia hata kujua umwambie nini afisa.

Na pombe. Inawezekana kweli ameacha, nami naomba iwe hivyo. Lakini habari hiyo imekuja kwa mdomo wa shemeji, katika miezi ambayo mume wako alikuwa na kesi shingoni. Haitoshi kusema anadanganya, wala haitoshi kusema amepona. Mimi ningetaka kujua zaidi: hajawahi kukupiga akiwa hajalewa? Katika miezi hii alitii sharti la hakimu kikamilifu, au palikuwa na salamu za kupitia watoto, mtu wa kukuangalia sokoni, simu zilizokatika ukipokea? Hayo unayajua wewe, na afisa wa probesheni anastahili kuyasikia.

Nikikuwekea mbele yako, naona njia zaidi ya zile mbili ulizoonyeshwa na watu wako. Kuna kutokutia sahihi barua ya wazee, ukatoa maelezo yako mwenyewe na kumwachia hakimu adhabu. Kuna kumwomba afisa aweke kwenye ripoti masharti ya makazi. Kuna amri ya ulinzi, nzito au nyepesi. Kuna kuhamia chumba karibu na soko kwa muda, ingawa usihame kabla ya kumuuliza mwanasheria hilo litagusa vipi haki zako kwenye nyumba mliyojenga pamoja. Nyingine zinaweza kwenda pamoja. Ipi inabeba uzito ambao wewe unaweza kuuvumilia, hilo siwezi kulipima nikiwa mbali.

Muda ndio mfupi. Usisubiri siku ya hukumu ndipo uulize. Ile amri ina ombi lake na fomu zake, nayo haijitokezi yenyewe hukumu ikisomwa. Rudi kwa kiongozi wa mashtaka asubuhi moja kabla ya kesi kuanza, umwambie siku ile hukuelewa na unaomba akueleze upya. FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake, huwasaidia wanawake bila malipo katika mambo haya, na nambari 1195 ya msaada kwa waathiriwa wa dhuluma hupigwa bure, mchana na usiku. Ukienda mahakamani nenda na yule jirani.